Kokotoa ITO kwa Excel: mwongozo wa athari zisizo mstari za mwanga kwa wanaoanza, bila leza

Kila ukifika msimu wa kuchagua mada za mradi, maswali ni yale yale. Mmoja yuko Iyunga, Mbeya, anataka kujua kama mradi wa plazmoniki (mwanga kutikisa elektroni huru za kitu) unawezekana bila leza ya femtosekunde. Mwingine yuko Mkwawa, Iringa, amesoma muhtasari wa makala moja, anaandika: "Shikamoo Mwalimu, naomba n2 ya ITO." Namba moja tu ya kueleza jinsi mwanga mkali unavyobadilisha ITO (oksidi ya indiamu yenye bati, filamu angavu inayopitisha umeme), kama anayeulizia nauli ya Mbeya hadi Makambako. Wa tatu ameshapiga hesabu, amepata badiliko la n (refractive index, namba inayoeleza kasi ya mwanga ndani ya kitu) la 0.41, anafurahi, na jibu lake ni karibu mara mbili ya lile sahihi.

Nimechoka kumjibu kila mtu peke yake, hivyo nimeandika hapa. Unaanza na faili tupu la Excel. Ukimaliza utakuwa na jedwali linaloonyesha jinsi mwanga mkali unavyobadilisha ITO, sababu ya badiliko hilo kuwa kubwa sehemu moja na dogo sehemu nyingine, na nishati inayohitajika. Leza haihitajiki. Python pia haihitajiki, ingawa anayeijua anaweza kuhamishia fomula hizi huko.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Kompyuta au simu yenye Excel, LibreOffice Calc au lahajedwali lolote. Kwa simu inawezekana, ila vidole vitakuuma.
- Fizikia ya kidato cha sita: wimbi, masafa, elektroni huru. Ukijua namba changamani, vizuri. Usipozijua, fomula nilizoandika zimeshazigawa pande mbili.
- Multimita ya kawaida, kwa hatua ya 5 tu.
- Kipande cha kioo chenye ITO, kama idara yako inacho. Si lazima.
- Tabia ya kuhifadhi faili kila baada ya hatua. Umeme hauagi.

Nadharia, kidogo tu

Semikondakta safi ina elektroni huru chache. Ukiidopu sana, yaani ukiingiza atomi za kigeni zinazoachia elektroni, inaanza kufanya kama chuma kwa mwanga wa infraredi huku ikibaki angavu kwa macho. ITO ni oksidi ya indiamu iliyodopiwa kwa bati. AZO ni oksidi ya zinki iliyodopiwa kwa alumini. Kwa mwanga wa urefu mfupi wa wimbi ni kioo, kwa mwanga wa urefu mrefu ni chuma, na mpakani sehemu halisi (ε1) ya pemitiviti, yaani jinsi kitu kinavyoitikia uga wa umeme wa mwanga, inapita sifuri. Mpaka huo ndio unaoitwa ENZ, epsiloni karibu na sifuri.

Kwa kawaida n ya kitu haijali ukali wa mwanga unaopita. Athari isiyo mstari ni pale mwanga wenyewe unapoibadilisha n. Ndani ya ITO hilo linatokea hivi: elektroni zinafyonza mwanga, zinapata joto kali, zinapanda juu kwenye bendi (ngazi zao za nishati). Bendi hiyo si parabola kamili, hivyo elektroni iliyo juu inakuwa "nzito" zaidi. Masi ikiongezeka, masafa ya plazma (ya elektroni huru kutikisika kwa pamoja) yanashuka, na mpaka wa ENZ unahamia kwenye urefu mrefu zaidi wa wimbi. Mengine yote ni hesabu.

Hatua ya 1: Panga seli za mwanzo

Andika majina safu ya A na thamani safu ya B:

B1, wingi wa elektroni kwa mita ya ujazo: `1E27`
B2, masi ya elektroni ikilinganishwa na elektroni huru: `0.35`
B3, epsiloni ya masafa makubwa: `3.9`
B4, kasi ya kugongana kwa elektroni, radiani kwa sekunde: `1.8E14`
B5, punguzo p linalotokana na joto la elektroni: `0`
B6, mraba wa masafa ya plazma: `=B1*(1.602E-19)^2/(8.854E-12*B2*9.109E-31)*(1-B5)`

B6 isome karibu 9.09E+30. Ikiwa tofauti, usiendelee mbele.

Angalizo: makala nyingi huandika wingi wa elektroni kwa sentimita ya ujazo. 10 kwa kipeo cha 21 kwa sentimita ya ujazo ni 10 kwa kipeo cha 27 kwa mita ya ujazo. Hili ndilo kosa namba moja katika mafaili ninayotumiwa, na halina mpinzani wa karibu.

Hatua ya 2: Pata mahali ENZ ilipo

B7: `=1E9*2*PI()*2.998E8/SQRT(B6/B3-B4^2)`

Jibu ni nanomita 1242. Thamani za hatua ya 1 sikuziokota tu. Zimo ndani ya kiwango cha kawaida cha ITO iliyodopiwa vizuri, na zinaiweka ENZ karibu kabisa na 1240, mahali ilipokuwa kwenye filamu ya jaribio maarufu tutakalolinganisha nalo baadaye.

Cheza kidogo hapa kabla ya kujenga jedwali. Weka B1 kuwa 5E26, yaani nusu: ENZ inakimbilia nanomita 1770 hivi. Weka 1E26: karibu 4200. Hii ndiyo raha ya semikondakta zilizodopiwa. Dhahabu na fedha zina mpaka wao ulipowekwa na maumbile. Hapa mpaka unausogeza kwa kubadilisha kiasi cha bati au alumini. Rudisha 1E27.

Hatua ya 3: Jenga jedwali

Mstari wa 8 uwe wa majaribio, wa 9 vichwa, na jedwali lianze wa 10. Kwenye A10 andika 600, A11 andika 610, kisha vuta mpaka 2000. Fomula za mstari wa 10:

B10, masafa: `=2*PI()*2.998E8/(A10*1E-9)`
C10, ε1: `=$B$3-$B$6/(B10^2+$B$4^2)`
D10, ε2 (sehemu ya pili ya pemitiviti, ya ufyonzaji): `=$B$6*$B$4/(B10*(B10^2+$B$4^2))`
E10: `=SQRT(C10^2+D10^2)`
F10, n: `=SQRT((E10+C10)/2)`
G10, k (kipimo cha ufyonzaji): `=SQRT((E10-C10)/2)`

Vuta zote mpaka chini. Nakili fomula hizo hizo kwenye mstari wa 8, ili ukiandika urefu wowote wa wimbi kwenye A8 upate jibu papo hapo bila kutafuta kwenye jedwali.

Alama za dola usiziruke. Bila hizo, ukivuta fomula chini inaanza kusoma B4 kama B5, B6 na kuendelea, na cha kuudhi ni kwamba haitoi kosa lolote. Inatoa namba za ovyo zenye sura ya heshima.

Hatua ya 4: Kagua kwa mistari mitatu

Andika hizi kwenye A8, moja moja:

Kwa 800: ε1 ni 2.27, n ni 1.51. Hiki ni kioo tu.
Kwa 1242: ε1 ni karibu sifuri, ε2 ni 0.46, n na k zote ni 0.48.
Kwa 1550: ε1 ni −2.12, n ni 0.30, k ni 1.49. Hiki ni chuma.

Wengi wakiona n ya 0.48 wanaandika kuuliza walikosea wapi, kwa kuwa shuleni tulifundishwa n haishuki chini ya 1. Hukukosea. Kasi inayohusika hapa ni ya mawimbi ya mwanga yakiwa ndani ya kitu, si kasi ya kupeleka habari, na Einstein hajavunjiwa kitu.

Angalia vilevile kwamba ε1 ikiwa sifuri, ε2 haiwi sifuri. Hiyo 0.46 ni ufyonzaji, na kwa k ya 0.48 mwanga unapungua hadi kama theluthi moja baada ya nanomita 200 tu. Ukisoma mtu anasema ENZ ni "mahali n inapokuwa sifuri", ujue amesahau ufyonzaji.

Hatua ya 5: Kagua kwa multimita (ukiwa na kioo)

Hatua hii si ya lazima, lakini ndiyo inayoonyesha kwamba γ (kasi ya kugongana, B4) na N (wingi wa elektroni, B1) si herufi tu. Elektroni zile zile zinazoamua ENZ ndizo zinazobeba umeme. Weka unene wa filamu kwenye E2, mfano `300E-9`, kisha kwenye E6 andika ukinzani kwa mraba:

`=B2*9.109E-31*B4/(B1*(1.602E-19)^2*E2)`

Utapata omu 7.5 kwa mraba, namba ya kawaida kwa kioo kizuri cha ITO.

Kioo cha ITO hukitofautishi na cha dirisha kwa macho. Kigeuze huku na huku ukiwa umeweka miguu ya multimita: upande mmoja multimita haisomi chochote, upande wa pili inasoma omu chache. Ukitaka kipimo cha maana, tumia kipande cha mraba. Kunja karatasi ya alumini ya jikoni iwe vipande viwili vyembamba, vilaze juu ya kingo mbili zinazotazamana, bana kwa vibanio vya nguo, kisha pima kati ya karatasi hizo mbili. Gusanisha miguu ya multimita yenyewe kwa yenyewe, soma inachoonyesha, toa kiasi hicho. Ukigusa kioo kwa ncha mbili tu utapata namba kubwa kuliko ya kweli na itabadilika kila ukisogeza mkono.

Ukikosa kioo cha maabara, mafundi simu wa Mwanjelwa huwa na skrini mbovu za zamani, zile za kubonyezwa kwa kijiti. Zina ITO juu ya plastiki. Hizo zitasoma mamia ya omu kwa mraba, kwa kuwa filamu yake ni nyembamba na plastiki haivumilii moto wa kuiboresha. Si kwamba umepima vibaya.

Na usidai zaidi ya kilichopimwa: ukinzani unakupa N na γ zikiwa zimefungamana. Kuzitenganisha kunahitaji kipimo cha Hall (cha umeme ndani ya uga wa sumaku) au kipimo cha mwanga kinachoonyesha ENZ iko wapi.

Hatua ya 6: Pasha elektroni joto

Kwanza weka 1242 kwenye A8, kisha hifadhi hali ya mwanzo. Chagua safu ya F yote kuanzia mstari wa 8, nakili, bandika kwenye safu ya H namba tu, si fomula. Fanya hivyo kwa G kwenda safu ya I. Kisha J10 andika `=F10-H10` na K10 `=G10-I10`, vuta chini, na uzinakili kwenye J8 na K8 pia. Hizo ni Δn na Δk.

Sasa weka B5 kuwa `0.1`. Umesema hivi: mwanga umezipasha elektroni mpaka mraba wa masafa ya plazma umeshuka kwa asilimia 10. B7 inaruka kutoka 1242 hadi 1311 hivi.

Ukibandika fomula badala ya namba, J na K zitakuwa sifuri tupu. Ndiyo sababu ya "Mwalimu, ITO yangu haina athari yoyote."

Hatua ya 7: Soma tofauti, na usiwe na haraka

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Chora grafu ya J na K dhidi ya A, kisha tazama sehemu tatu zile zile.

Kwa 800, Δn ni 0.05. Si haba, lakini ni ndogo.

Kwa 1242, n imepanda kutoka 0.48 hadi 0.69, yaani Δn ya 0.21, mara nne ya ile ya 800. Wakati huo huo k imeshuka kutoka 0.48 hadi 0.30: kitu kimekuwa angavu zaidi kwa kupigwa mwanga.

Kwa 1550, Δn ni 0.016 tu. Wengi wanaishia hapo na kuandika kwamba ng'ambo ya ENZ athari inakufa. Tazama safu ya K: Δk ni −0.21. Athari haijafa, imehamia kwenye k. Kitu kikiwa chuma, badiliko la ε1 linaonekana zaidi kwenye k kuliko kwenye n. Kwa hiyo anayechora Δn peke yake ameficha nusu ya habari.

Kwa nini ENZ inapata Δn kubwa? Sababu ni mbili na watu hutaja moja. Ya kwanza: kwa badiliko dogo, Δn ni takribani Δε kugawa kwa mara mbili ya mzizi wa ε, na mzizi huo ni mdogo kwenye ENZ. Ya pili: Δε yenyewe inakua kadiri urefu wa wimbi unavyoongezeka. Kwenye 800 ε1 imebadilika kwa 0.16, kwenye 1242 kwa 0.39. Kumbuka sababu zote mbili siku ya kutetea mradi, maana mtahini makini ataziuliza.

Sasa lile kosa la 0.41. Linapatikana kwa kuchukua 0.39 na kugawa kwa mara mbili ya 0.48. Tatizo ni kwamba mzizi wa ε hapa ni namba changamani, sehemu yake ya k ni kubwa sawa na ya n, na huwezi kuitupa. Ukifanya ukadirio huo huo kwa namba changamani kamili unapata 0.18. Jibu la kweli la jedwali ni 0.21, kwa sababu badiliko si dogo tena na ukadirio wenyewe umeanza kuishiwa pumzi. Ushauri wangu: karibu na ENZ achana na ukadirio. Kokotoa ε mpya, toa n mpya, kisha ondoa n ya zamani. Excel haichoki.

Hatua ya 8: Unganisha p na nishati ya mwanga

Hadi sasa p tuliibuni. Ijengee msingi:

E1, nishati iliyofyonzwa kwa mita mraba, juli: `14`
E2, unene: `300E-9`
E3: `=E1/E2`
E4, joto la elektroni kwa kelvini: `=SQRT(300^2+2*E3/5.6)`
E5: `=6E-9*(E4^2-300^2)`

Kisha B5 iwe `=E5`.

E4 itasoma karibu 4100, na E5 0.1. Hizo 5.6 na 6E-9 ni makadirio yangu kwa elektroni za hatua ya 1, nikichukua bendi isiyo parabola yenye kipimo cha 0.42 kwa elektronivolti. Ya kwanza inaeleza jinsi joto la elektroni linavyohifadhi nishati, ya pili jinsi joto hilo linavyoongeza masi. Ukibadilisha B1 au B2 haziko sahihi tena, na ukipita kelvini 5000 hivi usiziamini kabisa. Ni za kukupa ukubwa wa mambo, si za kuandika kama kipimo.

Lakini ukubwa wenyewe unafundisha. Juli 14 kwa mita mraba ni milijuli 1.4 kwa sentimita mraba. Kwa nishati hiyo elektroni zinafika joto linalozidi kiwango cha kuyeyuka cha chuma chochote, huku fuwele yenyewe, baada ya elektroni kuigawia, ikipanda kwa nyuzi chini ya 20. Haiungui kwa sababu elektroni ni nyepesi wa kupasha na zinapoa ndani ya femtosekunde mamia kadhaa. Leza inahitajika kuwa ya femtosekunde kwa sababu hiyo hiyo. Nishati ile ile ukiimwaga polepole, elektroni zinaipeleka kwenye fuwele inapoingia tu, na haziwahi kufika kelvini 4000.

Na hapa ndipo ninapomjibu yule wa "naomba n2". Jaribu E1 ya 7, kisha 14. Utaona p inaongezeka sambamba na nishati. Kwa nishati ndogo, basi, unaweza kuandika Δn kama n2 mara ukali wa mwanga na ikakubali. Lakini n2 hiyo inategemea urefu wa wimbi, unene wa filamu, pembe ya mwanga, na urefu wa pigo la leza, kwa sababu kinachobadilisha n ni joto lililokusanyika, si ukali wa papo hapo. Anayekupa n2 ya ITO bila hayo amekupa namba isiyo na maana. Mimi ningeandika Δn na nishati iliyofyonzwa, basi.

Angalizo jingine: E1 ni nishati *iliyofyonzwa*. Makala kwa kawaida hutaja nishati iliyofika kwenye sampuli. Sehemu inaakisiwa, sehemu inapita. Usiziweke moja badala ya nyingine.

Hatua ya 9: Linganisha na kilichopimwa

Mwaka 2016, Alam, De Leon na Boyd walichapisha kwenye jarida la Science kipimo cha filamu ya ITO ya nanomita 310, ENZ yake ikiwa 1240. Walipata ongezeko la n la 0.72, na filamu ikarudi katika hali yake kwa takribani femtosekunde 360. Mwaka huo huo Caspani na wenzake walionyesha kwenye AZO kwamba n2 inaongezeka mara sita kwenye ENZ, eneo la nanomita 1300.

Futa `=E5` kwenye B5, weka `0.36` kwa mkono. Mstari wa 1242 unasoma Δn ya 0.71. Kwa hiyo, kwa mfano wetu mwepesi, kupata athari ile unahitaji mraba wa masafa ya plazma ushuke kwa zaidi ya theluthi, mbali na pale makadirio ya hatua ya 8 yanapofanya kazi. Wenyewe waliinamisha sampuli. Mwanga uliopolarishwa vizuri ukiingia kwa pembe, uga wa umeme unaosimama wima juu ya filamu unakuzwa ndani, kwa sababu ε ni ndogo. Jedwali letu halina pembe. Hivyo usilinganishe E1 yako na nguvu ya leza yao. Linganisha mwelekeo tu: n juu, k chini, ENZ kwenda urefu mrefu wa wimbi.

Hatua ya 10: Badilisha kitu kimoja

Mradi wako uanzie hapa. Pendekezo langu: punguza B4 mara kumi, iwe 1.8E13, B5 sifuri. ENZ inasogea kidogo, 1234. Weka 1234 kwenye A8, hifadhi upya safu za H na I, kisha weka p ya 0.1. Kwenye A8 ya 1234, n inapanda kutoka 0.15 hadi 0.62, Δn ya 0.47 badala ya 0.21. Kwa hiyo ubora wa fuwele unakupa faida bila kuongeza p. Hii ndiyo sababu watu wamevutiwa na oksidi ya kadimiamu iliyodopiwa kwa disprosiamu, ambayo elektroni zake zinasafiri kwa urahisi mara kumi na zaidi ya ITO yetu, ingawa ENZ yake hukaa mbali zaidi kwenye infraredi. Kadimiamu ni sumu. Ikokotoe, usiipike bwenini.

Kikikwama

*B7 inaandika #NUM!* Umeweka N kwa sentimita ya ujazo, au N ni ndogo mno kwa γ uliyonayo. Kwa thamani zetu, chini ya takribani 1.4E25 hakuna ENZ kabisa, elektroni zinagongana kabla hazijacheza pamoja.

*B7 inasoma 198.* Umesahau 2π. Masafa ya hertzi na ya radiani kwa sekunde si kitu kimoja.

*γ kwenye makala ni 0.118, si 1.8E14.* Wameandika kwa elektronivolti. Zidisha kwa 1.519E15.

*Seli zimejaa #####.* Safu ni nyembamba, ipanue. Hesabu haina tatizo.

*k inatoka sawa na n kila mahali, au #NUM!* Kwenye G umeandika kujumlisha badala ya kutoa, au E na C zimebadilishana nafasi.

*n niliyokokotoa hailingani na mwanga uliopita kwenye kioo changu.* Haitalingana. Filamu nyembamba ina uso wa juu na wa chini, mwanga unaruka kati yake na kujijumlisha. Unahitaji hesabu ya matriki za filamu nyembamba, ambayo ni faili jingine. Usilazimishe kwa kuchezea B3 mpaka ifanane.

*Nimeahidiwa nafasi kwenye maabara yenye leza, nianze na nini?* Miwani ya urefu sahihi wa wimbi. Mwanga wa 1240 hauonekani, jicho halitafumba kujikinga. Baada ya hapo peleka jedwali lako likiwa na E1 tatu au nne tofauti, ili mwenyeji aone unataka kupima nini.

Ukikwama kwa jambo ambalo halimo humu, tuma faili lenyewe. Picha ya skrini hainisaidii, fomula hazionekani.